Uso Aliotaka Stamenka

Kwetu mtu hangoji afe ndipo atafutiwe jiwe. Hulinunua akiwa na nguvu zake, akalisimamisha makaburini, akachongewa jina, mwaka wa kuzaliwa na kistari, na baada ya kistari ikaachwa nafasi tupu. Wengi huchongewa na sura kabisa, wamesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, na kila Jumamosi ya Wafu huja kujitazama. Mimi ndiye ninayezichonga hizo sura. Naitwa Radisav, nina miaka hamsini na tisa, na karibu nusu ya kijiji imepita mikononi mwangu. Kwa hiyo Stamenka alipokuja karakana mwezi wa tisa kuulizia sura yake, hakuna aliyeona kuwa ni uchuro. Ilikuwa kazi iliyochelewa tu.

Jiwe lenyewe lilikuwa limesimama miaka minne. Upande wa kushoto alikuwepo mumewe, marehemu Živojin, na kofia yake ya manyoya, nilimchonga mimi mwenyewe. Upande wa kulia palikuwa peusi, patupu, panang'aa. Wakati ule Stamenka alikataa hata jina lake kuchongwa. "Acha kwanza nipumue," aliniambia.

Siku hiyo alipoingia sikumjua. Stamenka niliyekuwa namjua tangu utoto wangu alikuwa na uso mrefu, mifupa ya mashavu iko juu, kidevu kimechongoka, uso ambao fundi yeyote angeufurahia. Aliyesimama mlangoni alikuwa na uso wa mviringo, mwekundu, mashavu yamevimba hadi yamebana macho. Nilimjua kwa sauti.

"Usinitolee macho, Radisav. Ni mimi."

"Dada Stamenka! Nikadhani ni mgeni wa kasisi kutoka mjini."

"Funga mdomo, nipe kiti."

Nikampa kiti na kahawa. Akanieleza. Mwezi wa tatu kichwa kilimuuma kwenye panja, hata mkate ukawa taabu kutafuna, na jicho moja likaanza kuona kivuli. Daktari wa mjini, binti mdogo lakini mkali, akamwambia mishipa ya kichwa imewaka, na asipopata dawa haraka jicho litakwenda na halitarudi. Akaanzishiwa prednizoni, vidonge kumi na viwili kila asubuhi baada ya kula. Kisha daktari akawa anampunguzia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi. Sasa vilikuwa vimebaki vitano.

"Jicho limepona," akasema. "Kichwa kimepona. Lakini tazama nilivyofanywa. Ljubinka ananiambia barabarani, mbele ya watu, eti ujane umenikubali, nimenona."

Ljubinka ni jirani yake, mlango kwa mlango. Ana roho nzuri na ulimi mbaya.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia hivi: "Dada, kwa shavu hilo sindano yangu ya kuchongea itakwisha kabla sijafika sikioni."

Alicheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa kicheko kile. Leo nakichukia.

Nikamshauri alete picha ya zamani. Akakataa katakata. Alinikumbusha jiwe la Milunka, aliyechongwa kwa picha ya harusi yake ubavuni mwa mume mwenye miaka themanini. Hadi leo wageni wakipita wanauliza kama yule mzee amezikwa na bintiye.

"Nataka sura yangu ya sasa," Stamenka akasema. "Mikunjo yote, uzee wote, sijali. Ila iwe yangu. Hii niliyonayo si yangu. Nikifika kule Živojin ataniuliza, wewe bibi ni nani, na umemfanya nini mke wangu?"

Hapo hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemlowa.

Alitaka kazi iwe tayari kwa Jumamosi ya Wafu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, siku ambayo kijiji chote hupanda makaburini na mishumaa na ngano ya kuchemsha, na watoto walio Viena hurudi. Mwanawe Srećko angekuja na wajukuu. "Nipe wiki tatu," akasema, "ndipo unipige picha." Sikumuuliza wiki tatu za nini.

Akanyanyuka aende. Nikamwambia aniandikie jina na tarehe, maana kuna mwaka nilimzeesha mwalimu wa shule miaka kumi kwenye jiwe lake, na watu wa hapa hawajanisamehe. Miwani hakuja nayo. Akafungua mkoba, akatoa kadi ngumu ya manjano.

"Nakili hapa. Daktari ameandika mwenyewe, jina, tarehe, kila kitu. Hawezi kukosea yule."

Mikono yangu ilikuwa na vumbi la jiwe hadi viwiko. "Iache," nikamwambia, "nitakuletea kesho."

"Usiipoteze. Ameniapisha nisitembee bila hiyo."

"Kesho, dada."

Nikaigongelea msumari ubavuni mwa dirisha, upande wenye jina ukinitazama. Upande wa pili palikuwa na maandishi mekundu. Niliona kwamba ni mekundu, basi. Kesho ikawa kesho kutwa, na kesho kutwa ikawa nikienda mjini nitapita kwake. Sikuisahau, hilo ndilo baya lake. Nilikuwa naiona kila siku nikinywa kahawa, na kitu unachokiona kila siku hukioni kuwa umekishikilia cha mtu.

Baada ya siku kumi akapita. Uso ulikuwa umeanza kupungua. Si sana, lakini jicho la fundi halidanganyiki, kidevu kilikuwa kinarudi.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Nimeviacha."

"Vidonge? Vyote?"

"Vyote. Siku moja, pwaa, jalalani. Ningengoja huyo binti anipunguzie nusu kidonge kwa mwezi, ningezikwa na uso wa boga."

"Na yeye anajua?"

"Yeye yuko mjini, mimi niko hapa. Uso ni wangu."

Nilipaswa kusema kitu. Nilifungua kinywa, nakumbuka. Lakini alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlango na ule mfupa wa shavu ulikuwa unaanza kutoa kivuli chake, na mimi nikatazama kivuli. Nikamwambia, "Unapendeza, dada." Nikammiminia rakia, ile pombe yetu kali ya matunda, tukagonganisha vikombe.

"Viungo vinaniuma," akasema akiketi. "Na chakula sikitamani. Lakini uzee ndio huo."

"Chakula usile, ndio vizuri," nikasema. Ndiyo, hayo nayo niliyasema.

Wiki ya tatu ilipotimia alikuja amevaa blauzi ya buluu na bruchi ya mamake. Kutoka kwake hadi karakana ni mwendo wa dakika tano, akaniambia ametumia nusu saa, amepumzika kwenye kila uzio. Nikamsimamisha uani, mgongo kwenye ukuta mweupe. Alipoinua kichwa akapepesuka, nikamdaka mkono. Ulikuwa wa baridi na una jasho.

"Kizunguzungu tu," akasema. "Piga upesi kabla sijaanguka."

Nikapiga picha nane. Ile ya tano ndiyo. Nilipoikuza kwenye karatasi nilikaa nikiitazama bila kugusa chombo. Alikuwa Stamenka yule yule, mfupa, kidevu, mdomo umekazwa kidogo kama mtu anayezuia neno. Macho yalikuwa yamezama, makubwa, na yalitazama mbali. Nikajiambia, huu ni uso wa jiwe. Nilifurahi kama mpumbavu.

Nikapanda makaburini na turubai langu. Sura kwenye jiwe jeusi haichongwi kwa patasi, inadonolewa kwa sindano ya chuma, nukta baada ya nukta, na kila nukta inaacha weupe. Ukikosea huwezi kufuta. Nilipiga magoti siku tisa. Kwanza jina na mwaka wa kuzaliwa, nilivyonakili kutoka kwenye kadi, kila herufi mahali pake. Kisha uso.

Jumatano kabla ya sikukuu alikuja kutazama. Nilimwona tangu chini, anapanda akishika jiwe moja, anapumzika, anashika la pili. Alipofika akakaa kwenye ukingo wa kaburi la Živojin, hana pumzi ya kusema. Nikaondoa turubai.

Alitazama muda mrefu. Kisha akalia, bila sauti, machozi yanashuka tu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mimi."

"Umeridhika?"

"Atanijua," akasema. Akanyoosha mkono akaligusa shavu la jiwe, kisha lake. "Ljubinka akija Jumamosi atakufa kwa wivu. Nitampa na kiti akae atazame vizuri."

Nilimshika mkono kumshusha. Njiani akauliza, "Kadi yangu unayo?"

"Iko karakana. Nitakuletea kesho."

"Basi. Sina kazi nayo sasa."

Alhamisi alishikwa na tumbo. Kijiji chote kilikuwa na tumbo wiki ile, watoto shuleni, kasisi, hata mimi nililala nusu siku. Wengine walitapika, wakanywa chai ya mnanaa, wakaamka. Ljubinka alimwona Ijumaa asubuhi, alipoenda kumwomba sufuria kubwa ya ngano. Alimkuta jikoni, sakafuni, amejilaza kando ya jiko, anatapika hata palipokuwa hakuna tena cha kutoka, na anasema maneno yasiyoshikana. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya uyoga.

Haya ameniambia Ljubinka mwenyewe, na ameyarudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusikiliza. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika arobaini. Kijana aliyeshuka alipima presha, akapima tena, akamtazama mwenzake.

"Mama huyu anatumia dawa gani?" akauliza.

"Hatumii," Ljubinka akamjibu. "Alikuwa na za kichwa, akapona, akaacha. Muda sasa."

"Za kichwa zipi?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Vidonge. Vyeupe."

"Amekula nini?"

"Uyoga."

Wakatafuta maboksi kwenye kabati, hawakukuta, maana yalikuwa jalalani. Yule kijana akamwaga mkoba wote mezani, kitana, rozari, risiti, picha ya Živojin. "Hana karatasi yoyote? Hana kadi?" aliuliza. Ljubinka akasema kadi anayo, ya manjano, haachani nayo hata akienda bafuni. Wakageuza mkoba ndani nje. Wakaangalia kwenye aproni, kwenye koti, chini ya mto. Kisha wakampakia, na kwa sababu ya ile sufuria wakamtibu kama mtu aliyekula uyoga mbaya. Wakati huo mimi nilikuwa karakana, hatua mia mbili kutoka hapo, nanoa sindano. Gari nililisikia. Nilidhani linamfuata kasisi.

Stamenka alifariki mjini saa kumi na moja jioni.

Jumamosi ya Wafu kijiji kikapanda kama kila mwaka. Yeye alikuwa bado mochwari mjini. Watu walizunguka jiwe wakiwa na mishumaa mikononi, na kila mmoja alisema kitu kile kile: amependeza, amefanana, mikono yako isipatwe na baya, Radisav. Ljubinka alisimama mbele ya ile sura akalia kwa sauti. "Nilimwita mnene," akawa anasema. "Nilimwita mnene, jamani, na tazama alivyokuwa." Mtu akanipa mkate, mtu akanipa mvinyo. Mimi nilikuwa natazama macho niliyoyachonga. Pale pale, mishumaa inawaka, nikaona kilichokuwemo tangu mwanzo. Ule haukuwa uso wake wa zamani uliorudi. Ulikuwa uso wa mtu anayezimika, na mimi nilikuwa nimemwambia asile.

Ljubinka akaendelea kusimulia habari za mkoba kwa waliokuwa hawajasikia. Alipofika kwenye kadi ya manjano niliweka kikombe chini nikashuka.

Ilikuwa pale pale kwenye msumari. Nikaitoa. Nikaigeuza.

Mwandiko wa yule daktari ni mkubwa, unasomeka hata bila miwani. Aliandika kwamba mgonjwa huyu anatumia prednizoni kila siku. Dawa isiachwe ghafla kwa sababu yoyote, kuipunguza ni kazi ya daktari. Akipata homa au akitapika, apigiwe daktari simu siku hiyo hiyo. Na chini kabisa, amepigia mstari mara mbili: akizidiwa, apewe sindano ya haidrokotisoni mara moja, msingoje vipimo. Na namba ya simu.

Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Kadi ni karatasi. Nilisimama mbele ya lile jiko kwa muda, sitakuficha. Kisha nikairudisha msumarini, jina likinitazama, kwa sababu sikuwa na ushujaa wa kufanya hili wala lile.

Tulimzika Jumapili. Jumatatu Srećko alikwenda mjini kuchukua karatasi, akarudi moja kwa moja hadi karakana. Ni mtu mkubwa, dereva wa lori huko Viena. Alisimama palepale aliposimama mamake.

"Nimeonana na yule daktari," akasema. "Analia kuliko mimi. Anasema mwili ukiletewa dawa ile miezi yote, unaacha kutengeneza ya kwake, unalala. Unatakiwa kuamshwa polepole. Ukiukatia siku moja, unabaki mikono mitupu, halafu tumbo dogo tu, homa ndogo tu, inatosha. Anasema alimweleza mama mara tatu. Mama alikuwa anaitikia tu."

"Ndivyo alivyokuwa," nikasema.

"Anasema ingekuwa sindano moja, mjomba. Moja. Ile kadi ingekuwepo wangemchoma pale pale jikoni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimepekua nyumba nzima. Mama hakukuachia kitu wewe?"

Ningeweza kusema picha tu. Angeniamini. Hakutazama dirishani hata kidogo.

Nikavuta msumari kwa koleo, nikampa kadi.

Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alipomaliza akaanza tena mwanzo.

"Kwa nini iko hapa?"

"Alinipa ninakili jina. Niliahidi kumrudishia kesho yake."

"Lini hiyo?"

"Mwezi wa tisa."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, na mikono yake inatosha kwa kazi hiyo. Nikamwambia na yaliyobaki, utani wa shavu, rakia, na lile neno la chakula, maana nilipokwisha kuanza sikuona pa kuishia. Alisikiliza akitazama sakafu.

"Na wewe ulijua ameviacha."

"Nilijua."

"Na ukampiga picha."

"Nikampiga picha."

Akauliza kama ile sura inaweza kufutwa. Nikamwambia haifutiki, ila kwa kusaga jiwe zima, na babake atakwenda pamoja naye. Akatikisa kichwa.

"Basi chukua vyombo vyako. Twende ukamalizie mwaka."

Desturi ni kungoja siku arobaini. Sikumkumbusha. Tulipanda, nikapiga magoti, yeye akakaa kwenye ukingo wa kaburi, pale alipokaa mamake Jumatano. Kadi ilikuwa mkononi mwake. Tarakimu nne kwa kawaida ni kazi ya saa moja. Mimi nilitumia alasiri nzima, na yeye hakuondoka. Juu yangu Stamenka alikuwa anatazama mbali, mdomo amekaza.

Nilipopuliza vumbi la mwisho Srećko akasimama. Akanipa ile kadi.

"Kaitundike ulipokuwa umeitundika," akasema. "Safari hii igeuze."